Kutazamiwa Kabla ya Nikaha: Zile Karata Zilitoka Wapi?



Shaaban iliyopita tulikuwa kwenye hina ya mdogo wetu mmoja. Mnaijua Shaaban ilivyo kwetu, kila mtaa una harusi kwa sababu hakuna anayetaka kungoja mpaka Mfunguo Mosi. Biharusi alikaa juu ya godoro, mikono yote miwili imenyooshwa juu ya mito, hina bado mbichi. Shoga yetu mmoja akatoa mkobani kifuko cha mahameli, ndani yake mna karata. Hizi hazikuwa karata wanazocheza baba na kaka zetu barazani. Zilikuwa zile kubwa za picha zinazoitwa taroti, alizoagiza mtandaoni na kujifundisha kwa kuangalia video. Alikuwa ameshawatazamia wenzake kazini. "Ngojeni nimtazamie biharusi," akasema, na sote tukasogea karibu.

Akavuta tatu. Ya kwanza vikombe viwili, akasema mapenzi. Ya pili jua, akasema furaha, tukapiga vigelegele. Ya tatu ilikuwa mnara unaopigwa na radi, taji linaruka juu, watu wawili wanaporomoka kichwa chini. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapa naona nyumba inavunjika, lakini usijali."

Usijali! Mtoto wa watu hakuweza hata kujifunika uso, mikono ilikuwa na hina. Machozi yalimtiririka mpaka kifuani na sisi ndio tuliomfuta. Usiku ule hakulala. Alfajiri akamwambia mama yake kwamba anataka nikaha iahirishwe, na nikaha ilikuwa siku ya pili yake baada ya Laasiri.

Tuseme kweli, na sisi tulikuwemo. Hakuna aliyesema "acha". Tulipokaa baadaye kulizungumza, mmoja wetu aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: huo mnara nani aliuweka kwenye karata, na nani aliamua kwamba maana yake ni nyumba kuvunjika? Tukaanza kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata, na mengine yametushangaza.

Tuanze na karata zenyewe, kwa sababu zilipita mikononi mwa Waislamu kabla ya kufika Ulaya. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki waliotawala Misri na Sham. Mtafiti L. A. Mayer alizitambua katika miaka ya 1930. Zilikuwa 52, za aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Hazina picha ya mtu hata moja. Wakubwa wa kila aina wametajwa kwa maandishi tu: mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili. Naibu, ndiyo, neno hilihili tunalolitumia kwa naibu waziri na naibu sheha. Karata zilipoingia Ulaya katika miaka ya 1370, Wataliano waliziita naibi, na mpaka leo Mhispania karata anaziita naipes. Mwaka 1377 mji wa Florence ulishatoa amri ya kuuzuia mchezo huo. Kamari, bila shaka.

Na sisi huku mwambao karata tulizipata kwa mlango mwingine, kwa Wareno. Sikilizeni majina: kopa ni kikombe kwa Kireno, shupaza ni upanga, pau ni fimbo, uru ni dhahabu, yaani sarafu. Kwa hiyo mzee anapopiga shupaza chini kwa kishindo barazani, anataja upanga uleule uliochorwa kwa Wamamluki na uleule uliomo kwenye taroti za shoga yetu. Ni ukoo mmoja. Karata za vikombe viwili alizosema ni mapenzi ni kopa mbili tu, ndugu zangu!

Taroti ilianza kaskazini mwa Italia, takriban mwaka 1440. Watu wa kasri walichukua karata za kawaida wakaongeza nyingine 22 za picha, zikawa 78, na hizo 22 zilikuwa na kazi moja: kuzishinda nyingine mchezoni, kama turufu. Zilizotengenezwa kwa ajili ya jamaa za Visconti na Sforza, watawala wa Milan, zilipakwa dhahabu na kuchorwa kwa mkono, anasa ya mabibi na mabwana wasiokuwa na shida ya kufua wala kupika. Seti yao iliyo maarufu zaidi imebaki na karata 74, zimegawanywa baina ya Marekani na Italia. Miongoni mwa nne zisizoonekana ni Mnara. Imepotea, au haikuwahi kuchorwa, na mtu yeyote aliyetaka kucheza angeweza kucheza vilevile.

Kwa zaidi ya miaka 300 taroti ilikuwa mchezo. Watu walicheza, walibishana, walipoteza pesa, wakaenda kulala.

Mambo yaligeuka Paris mwaka 1781. Mwanachuoni mmoja aitwaye Antoine Court de Gébelin aliandika katika kitabu chake kikubwa kwamba karata hizi ni siri ya makuhani wa Misri ya Mafirauni, kitabu cha hekima kilichofichwa ndani ya mchezo. Hakuwa na ushahidi. Hakuweza kuwa nao, kwa sababu wakati ule hakukuwa na mtu duniani aliyejua kuyasoma maandishi ya Mafirauni. Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Kuna kichekesho ndani yake: karata kweli zilipitia Misri, lakini Misri ya misikiti na masultani, na majina yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya Kiarabu.

Baada yake akaja Jean-Baptiste Alliette, mtu wa Paris vilevile, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla. Huyu ndiye aliyeifanya biashara. Alitazamia watu kwa malipo, akafundisha kwa malipo, mwaka 1785 akaandika namna ya kutazamia kwa taroti, na mwaka 1789 akatoa karata zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Maana alizipanga yeye. Wengine waliokuja nyuma yake wakazibadilisha. Ule Mnara, katika karata za zamani za Kifaransa, uliitwa Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo mtu akikwambia "karata hii maana yake ni hii", muulize: kwa mujibu wa nani, na wa mwaka gani?

Wanawake hawakukaa nyuma. Marie Anne Lenormand alifungua mlango wake Paris akatazamia wakubwa na wadogo, akafungwa gerezani zaidi ya mara moja, na alipofariki mwaka 1843 wafanyabiashara wakatoa karata zenye jina lake ambazo hakuzitengeneza yeye. Zilinakiliwa kutoka mchezo mmoja wa Kijerumani wa kurusha dadu. Mchezo tena!

Lakini aliyetugusa zaidi ni Pamela Colman Smith. Huyu ndiye aliyechora zile picha ambazo shoga yetu alizimwaga juu ya mkeka. Alizaliwa Uingereza, sehemu ya utoto wake akaiishi Jamaica, kisiwani kama sisi. Mwaka 1909 Arthur Edward Waite alimpa kazi ya kuchora karata zote 78, naye akazimaliza kwa miezi michache tu. Katika barua yake moja alilalamika kwamba ni kazi kubwa kwa pesa kidogo mno. Zikachapishwa London mwaka huohuo, zikaitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite. Jina lake yeye halikutajwa. Alikufa mwaka 1951 akiwa na madeni, na karata hizo leo ndizo zinazouzwa kuliko zote duniani. Mikono iliyouchora Mnara ilikuwa ya mwanamke aliyepunjwa ujira wake, na wala haikumjua biharusi wetu.

Sasa tusije tukajifanya kwamba mambo haya ni ya wageni tu. Kwetu tulikuwa na yetu, tena ya zamani.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi wanawake wa kasri la Unguja walivyomwita mtazamiaji pale mgonjwa alipozidiwa. Alikuwa mwanamke, na alikuja na mfuko wa ngozi uliokwisha kuchakaa. Ndani yake mlikuwa na kombe za baharini, vijiwe, mifupa iliyokuwa myeupe kwa kukaa juani, vipande vya sahani na vioo, misumari yenye kutu na sarafu zilizopinda. Akiulizwa jambo, kwanza alimwomba Mungu amwoneshe haki na ukweli, kisha akautikisa mfuko na kuvimwaga vitu chini, na kwa namna vilivyoanguka akasema mgonjwa atapona au hatopona. Tulipofika hapo tuliangaliana. Kifuko cha mahameli na mfuko wa ngozi, tofauti iko wapi?

Kisha kuna bao. Ramli kwa Kiarabu ni mchanga, na kazi yake ilifanywa mchangani au juu ya ubao uliotandazwa mchanga. Mpigaji anatia vitone kwa haraka bila ya kuhesabu, mistari minne, halafu anahesabu kama kila mstari ni shufwa au witiri. Inapatikana sura moja kati ya sura 16, na kutokana na sura nne za mwanzo huzaliwa nyingine mpaka ubao ukajaa. Elimu hii ilitoka kwa Waarabu ikaenda Ulaya katika karne ya 12, na ikashuka mpaka Bukini, ambako wanaiita sikidy na kuipiga kwa mbegu. Ibn Khaldun aliiandikia habari zake katika karne ya 14, na hakuipamba hata kidogo.

Na kuna nyota, ambayo ndiyo hasa inayowakuta mabibi harusi. Posa ikija, kabla ya kujibiwa, majina hupelekwa kuangaliwa. Huchukuliwa jina la mtu na la mama yake, herufi zikageuzwa hesabu kwa abjadi, alifu moja, be mbili, jimu tatu, mpaka ghaini elfu moja. Jumla hutolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota: moja Hamali, mbili Thauri, tatu Jauza, nne Saratani, na kuendelea. Halafu nyota ina tabia yake, moto, udongo, upepo au maji, na mtu wa moto na mtu wa maji inasemwa hawakai nyumba moja.

Tulifanya majaribio na jina Aisha. Ukiliandika kwa Kiarabu sanifu na te ya mwisho ukaihesabu tano, kama wafanyavyo wengi, jina peke yake lina 386, linabaki mbili. Te ileile ukiihesabu mia nne, kama wafanyavyo wengine, ni 781, inabaki moja. Ukiliandika Asha, kama tunavyoitana majumbani, ni 376, inabaki nne. Ukishaongeza jina la mama hesabu inasogea, lakini tofauti zile zinabaki palepale. Msichana mmoja, nyota tatu, na bado hajatoka nje ya mlango wa kwao.

Katika jamaa zetu yupo shangazi aliyerudishiwa posa kwa jambo hili. Aliyemposa alikuwa baharia, watu wa pande zote mbili wamependezwa, vyombo vimeshaanza kununuliwa. Jina likapelekwa, jibu likaja kwamba nyota hazilingani na mmoja wao atamzika mwenzake mapema. Posa ikavunjwa. Miaka mingi baadaye, kwenye msiba, ndipo ilipojulikana kwamba jina la mama lililopelekwa halikuwa la mama yake. Lilikuwa la mamake mdogo aliyemlea, maana yeye mtoto alimwita mama na watu wote wakajua hivyo. Hesabu yote ilifanywa kwa mama asiyekuwa wake. Shangazi aliolewa na mtu mwingine, akazaa, akaishi kwa heshima. Habari ile alipoambiwa hakusema neno. Alikunja kanga yake, akaingia ndani, na hatukumwona mpaka Isha.

Wapo wanaosema, mbona Uislamu ulipokuja haukuyajua haya? Ulikuja ukayakuta. Makka kabla ya Uislamu mtu aliyetaka kuoza au kuoa alikwenda kwa sanamu la Hubali na dirhamu mia moja na ngamia wa kuchinja, akampa mshika mishale, na mishale ikatikiswa kuamua. Sira ya Ibn Ishaq imelieleza hilo waziwazi. Mishale hiyo ndiyo azlamu iliyokatazwa katika Sura ya Al-Maida pamoja na ulevi na kamari. Mwaka wa 8 Hijria Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoifungua Makka, alikuta ndani ya Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahimu na Nabii Ismaili wameshikishwa mishale hiyo mikononi. Akaamrisha zitolewe, na akasema kwamba waliozichora walijua fika kuwa wawili hao hawakupata kuagua kwa mishale. Kumsingizia Nabii Ibrahimu mishale au kuwasingizia Mafirauni taroti, sisi tunaona ni hila ya namna moja: kitu kinatafutiwa babu mwenye heshima.

Mafundisho juu ya anayekwenda kuuliza mnayajua, Sahihi Muslim imepokea kuhusu swala za siku arubaini. Lakini tumezoea kumwangalia muulizaji tu, na anayetazamia tunampitia kando kama mpishi wa harusi. Ujira wake pia umekatazwa, na katika hadithi unaitwa hulwani, neno lenye asili moja na halua yetu. Utamu. Hata asiyelipwa pesa hulipwa utamu huo: watu wanakuzunguka, wananyamaza, wanakusikiliza wewe. Shoga yetu mwenyewe alituambia hivyo baadaye. Alisema kazini anafunga mahesabu siku nzima hakuna anayemtazama usoni, akitoa karata kila mtu anamwita dada.

Na mwanamke akitaka kujua kama huyu mume atamfaa? Swali hilo ni la haki kabisa, na liliulizwa zamani. Fatima bint Qays alimwendea Mtume akamwambia ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Hakupewa habari za ghaibu. Aliambiwa lililojulikana na watu: huyu hana mali, na yule fimbo haimtoki begani. Akashauriwa aolewe na Usama. Mwanzoni hakumtaka, kisha akaolewa naye, na mwenyewe akasimulia kwamba aliona kheri. Bibi Zaynab bint Jahsh alipoletewa posa alisema hafanyi lolote mpaka ashauriane na Mola wake, akasimama mahali pake pa kuswalia. Na Bibi Aisha, wakati Waarabu wakiuogopa mwezi wa Shawwal kwa ndoa, alisimulia kwamba yeye aliolewa Shawwal na akaingia nyumbani Shawwal, na alipenda wanawake wa kwao waingizwe mwezi huo. Shawwal ndio Mfunguo Mosi wetu, nyie mnaokimbizana Shaaban!

Turudi kwa biharusi. Mama yake hakumgombeza. Alimtia maji ya moto akaoga, akamwambia akaswali, kisha akamketisha na kumuuliza maswali ya Fatima bint Qays: unamjua kwa hasira? Unamjua kwa ubakhili? Umewahi kusikia kapiga mtu? Biharusi akajibu moja moja. Mwisho mama akamuuliza, "Sasa unachokiogopa ni yeye au ni karatasi?" Nikaha ilifungwa siku ileile iliyopangwa, baada ya Laasiri. Hina ya kiganja cha kushoto ilikuwa imechafuka kidogo kwa machozi, na kwenye picha inaonekana.

Shoga yetu mwenye karata hakuja harusini kwa aibu. Siku ya tatu alikuja kwetu, akauliza afanye nini sasa. Tulimwambia toba anaijua, lakini yale maneno aliyowapa watu bado wanatembea nayo. Akachukua daftari akaanza kuandika majina ya aliowatazamia. Yalikuwa kumi na moja. Mmoja aliambiwa asichukue kazi ya Pemba, mmoja aliambiwa mumewe ana mwanamke. Anawaendea mmoja mmoja kuwaambia kwamba hakuona kitu, kwamba alikisia. Mpaka tunaandika haya amefika wa saba, na huyu wa nane, yule mwenye mume, amemfungia mlango mara mbili.